Mwaka wa Ganzi

Nilifika Kaloleni siku ya tatu ya msiba, mchana, wakati wanaume wengi wamekwisharudi kwenye shughuli zao na nyumba imebaki ya wanawake. Nilikuwa nimechoka. Siku hizi nachoka hata kwa kuketi. Mwajuma, binti mkubwa wa marehemu, ndiye aliyenipigia, kwa kuwa alilikuta jina langu kwenye simu ya baba yake, limeandikwa "Elinipa Mkono". Nikavua viatu mlangoni, nikatoa pole, nikaonyeshwa nafasi kwenye mkeka karibu na dirisha. Marehemu alikuwa Bwana Salimu, daktari wa mazoezi, kama tulivyomwita sote tuliopita kwake, ingawa cheti chake hakikusema daktari. Wanawake walikuwa wanachambua mchele na kuzungumza kwa sauti ya chini. Jirani mmoja akasema, "Alikuwa mtu wa watu. Ila ile ajali ya mashine ndiyo ilimharibia. Angekuwa mkubwa pale hospitali." Mwingine akauliza ajali gani. "Si alimwunguza mzee mmoja wa Kimeru kwa umeme? Alimsahau kwenye mashine. Ndiyo wakampeleka kule Oldonyo Sambu." Mjane, Mama Mwajuma, alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba. Mimi nilikuwa nimezoea kutojibu juu ya jambo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtu akizoea kitu muda wote huo huacha hata kuhisi kwamba anakifanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilifanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Usa, moja ya mashamba yaliyofunguliwa baada ya kila kitu kuwa ruksa, ambako waridi zilikuzwa ndani ya nyumba za plastiki, zikakatwa alfajiri na kupelekwa Ulaya kwa ndege kabla hazijafunguka. Kazi yangu ilikuwa kwenye chumba cha kupangia, chumba cha baridi chenye meza ndefu za bati, ambako tulipima urefu wa mashina na kuyafunga ishirini ishirini. Sakafu ilikuwa majimaji siku zote. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule niliteleza nikiwa nimebeba ndoo, nikanyoosha mkono wa kulia kujikinga, mkono ukapita kwenye kioo cha mlango. Sikumbuki maumivu. Nakumbuka maji ya ndoo yakigeuka mekundu miguuni pangu, na msimamizi akipiga kelele kwamba mashina yaliyomwagika yaokotwe haraka. Daktari wa upasuaji mjini alishona kilichowezekana: kano, mshipa wa damu, na ule mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Nilipozinduka nilikuta nina kidole gumba, cha shahada na cha kati ambavyo si vyangu. Niliviona, vilikuwepo, lakini nikivigusa ni kama nimegusa vidole vya mtu aliyelala kitanda cha pili.

Shamba lilinipa barua ya pole na nafasi yangu ikachukuliwa na mtu mwingine wiki ileile. Nikahamia Ngarenaro kwa shangazi yangu, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni, ili niwe karibu na hospitali. Chumba chake kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua makubwa, na nyuma ya pazia kulikuwa na marobota ya nguo yaliyopanda mpaka karibu na dari. Chumba kizima kilinuka dawa ile ya nguo za mitumba. Hata chai ilinuka hivyo. Jioni shangazi alipika ndizi kwa maharage, au kande, na siku akipata maziwa ya mgando kutoka kwa mama mmoja wa Kiarusha alitengeneza loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa hayo, na kusema leo tumekula kama watu. Jioni moja nilikuwa nimeshika kikombe cha bati cha chai, nikimsikiliza akisimulia ugomvi wa sokoni. Akanyamaza ghafla akaanza kunusanusa. "Nini kinaungua?" Tukatazama jiko, tukatazama pazia. Kisha akanipokonya kikombe. Ngozi ya kidole changu cha shahada ilibaki kwenye bati. Shangazi alianza kulia, mimi nikawa natazama kidole kama natazama picha kwenye gazeti. Tangu jioni ile alinikataza kugusa jiko, na mimi nikaanza kuuogopa mkono wangu, jinsi unavyoweza kumwogopa mtu wa nyumbani anayetembea usingizini.

Chumba cha mazoezi kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, zamani kilikuwa stoo. Kulikuwa na kitanda cha ngozi nyeusi iliyochanika, baiskeli isiyo na magurudumu, kamba za kuvutia mabega, na dirisha lililoutazama mlima Meru siku ambazo mawingu yaliruhusu. Bwana Salimu alikuwa na miaka kama arobaini, mfupi, mwenye sauti ya upole na koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa jembamba. Siku ya kwanza aliniambia nifumbe macho. Akagusa vidole vyangu kwa kitu ambacho sikukijua, akauliza, "Unasikia?" Sisi kwa Kiswahili tunasikia kwa masikio, tunasikia harufu, tunasikia maumivu, tunasikia baridi, sikuwahi kuliwazia neno hilo mpaka aliponiuliza mara ishirini mfululizo na mara kumi na tisa nikalazimika kusema hapana. Nilipofungua macho nikaona ameshika vijiti vya mbao, kila kimoja kimebandikwa kipande cha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Alizinunua nyuzi hizo dukani mwenyewe, nyembamba mpaka nene, akazipanga. Uzi unagandamizwa kwenye ngozi mpaka upinde kidogo, basi. Mwembamba ukisikika, mkono ni mzima. Mimi sikuusikia hata ule mnene kuliko yote.

"Mshipa wako ulikatika kama kamba," alisema, na kuanza kuchora kwenye karatasi ya faili. "Daktari ameshona ganda. Lakini ile fahamu iliyokuwa mbele ya mkato imekufa. Limebaki bomba tupu. Iliyo nyuma, huku juu, ndiyo itaota ndani ya hilo bomba, polepole, polepole mno. Mwezi mzima kwa upana wa kidole, na hiyo ukiwa na bahati."

"Itafika?"

"Itafika mahali. Sijui kama ni mahali pake."

Kila mwezi alinigongagonga kwa ncha ya kidole chake kutoka kwenye kovu kuelekea kiganjani. Palipokuwa na ncha ya mshipa unaoota, mshtuko kama wa umeme ulirukia kwenye vidole vyangu vilivyokufa. Hapo aliweka alama kwa kalamu ya wino. Mwezi wa tatu alama ilikuwa juu ya kifundo, mwezi wa tano ilikuwa imeingia kiganjani. Nililala nikiwa nimeuweka mkono juu ya mto ili wino usifutike. Shangazi aliniuliza kama ndiyo tiba yenyewe, kuandikwaandikwa. Alikuwa amesikia sokoni kwamba kuna kliniki ya binafsi imefunguliwa barabara ya Sokoine yenye mashine ya kutibu kila kitu, kiharusi, mgongo, hata utasa, na kwamba hospitali za serikali zimebaki za watu wasio na ndugu.

Lakini sisi pia tulipata mashine. Ilikuja mwezi wa nne, imeachwa na mtaalamu mgeni aliyekaa wiki mbili akaondoka. Lilikuwa sanduku la kijivu lenye mshale nyuma ya kioo, swichi mbili za kuzungusha, na waya mbili zenye vipande vya bati vilivyovikwa sponji. Wagonjwa waliiita Redio. Bwana Salimu aliiheshimu kama mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani. Alilowesha sponji, akazifunga kwenye mkono wangu, akazungusha kidogo, na kidole gumba changu, ambacho sikuwa nimekisogeza tangu mwezi wa kwanza, kikaruka chenyewe. Nilipiga kelele. Benchi zima la wagonjwa likacheka. "Usifurahi sana," aliniambia. "Umeme hauoteshi mshipa. Unauamsha msuli tu usinyauke wakati unangoja. Na ngozi isiyosikia haijui kusema inaungua. Kwa hiyo dakika ni zile ninazosema mimi, na swichi nazungusha mimi. Umeelewa, Elinipa?" Nilielewa. Nalisema hilo kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikuambiwa.

Kwenye benchi lile nilimkuta Mzee Lotha. Alikuwa mkulima wa kahawa kutoka miteremko ya juu ya Tengeru, mrefu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwa kali, na mkorofi. Aligombana na manesi kwa sababu ya foleni, aligombana na mimi kwa sababu nilikaa upande wake wa dirisha. Ukoma ulimpata akiwa kijana. Alitibiwa, akapona, lakini ulikwisha kuipitia mishipa ya mikono yake yote miwili. Vidole vilikuwa vimejikunja kama makucha ya ndege, na kuanzia viwiko kwenda chini hakusikia kitu. Alilimia jembe lenye mkanda wa ngozi wa kufungia kwenye mkono. Aliishi hivyo miaka yote, na sikuelewa kwa nini mtu aje kutafuta tiba uzeeni. Ilimchukua wiki kadhaa kunieleza, na alinieleza akiwa ametazama pembeni.

Kahawa ikikobolewa, punje hulazwa majini mpaka ule ulenda wake uachie. Ikitolewa mapema inaharibika, ikichelewa inaoza na kunuka. Hakuna saa inayoonyesha. Mtu huingiza mkono, anasugua punje, na anasikia kwa vidole: zikiteleza, bado, zikikwaruza kama changarawe, tayari. Miaka thelathini na minne mkewe ndiye aliyeingiza mkono. Alifariki mwaka uliotangulia. "Msimu uliopita nimeozesha kahawa mara mbili," aliniambia. "Mkwe wangu ana haraka, anasema tayari, tayari. Nami nitamkatalia kwa lipi? Mikono ya mama yule ndiyo ilikuwa mikono yangu. Nimezika mke na mikono."

Bwana Salimu alimpima kwa nyuzi zote, akasema ukweli siku hiyohiyo. Mishipa yake haikukatwa. Ilikuwa imeliwa kitambo, na hata lile bomba tupu lilikwisha kufunga. Lakini Mzee Lotha alikuwa ameiona Redio ikinyanyua kidole changu. Akaomba ajaribiwe, akaja tena, akaomba tena, na mwishowe Bwana Salimu, kwa kuchoka nadhani, akakubali kumfunga waya kwa dakika chache kila Jumatano, umeme mdogo, ngozi ikikaguliwa kabla na baada. Vidole havikusogea. Mzee alitazama mkono wake kwa makini sana, kama anasubiri simu.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, umeme ukiwa umerudi baada ya mgao wa asubuhi nzima, korido ilikuwa imejaa. Bwana Salimu alikuwa ndiyo kwanza amemfunga Mzee Lotha waya, na mimi nilikuwa mezani nikifanya zoezi langu la sinia: nafumba macho, natia mkono kwenye bakuli, nataja nilichoshika, harage, kifungo, punje ya mahindi, na nyingi nakosea. Nesi akaja mbio, kuna mtoto wodini amebanwa na plasta ya mguu, vidole vinageuka buluu. Bwana Salimu akatazama saa yake. "Elinipa, zikipita dakika kumi zima swichi ya ukutani. Usiguse kingine." Akatoka.

"Mwanangu," Mzee Lotha akasema mlango ulipofungwa. "Ongeza kidogo."

"Amekataza, mzee."

"Anakataza kwa sababu ana watu wengi. Mimi nina mkono mmoja wa kujaribu. Wako ulivyoruka, si alizungusha?"

"Alizungusha yeye."

"Ningekuwa na vidole ningejizungushia. Nisingekuomba." Sauti yake haikuwa ya ukorofi. "Mwezi wa tisa kahawa inaiva."

Nilizungusha. Mshale ukapanda kidogo. Akasema hasikii kitu. Nikazungusha tena. Nakumbuka nilitumia mkono wa kushoto, ule mzima, na swichi ilikuwa laini, ya kupendeza kushika. Kwenye mara ya tatu au ya nne vidole vyake vilitikisika, kisha vikajikunja vyote kwa pamoja vikafumba ngumi. Mzee akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume. "Umeona? Umeona, mwanangu?" Machozi yalimtoka, na mimi nililia pia, na tukasahau dakika. Sijui tulikaa muda gani tukiutazama mkono ule ukifumba na kufumbuka. Kilichonishtua ni harufu, ileile ya jioni ya kikombe. Nikazima ukutani. Nikarudisha swichi chini mpaka mwisho, na hilo nililifanya kwa akili timamu. Nilipotoa sponji, zilikuwa zimekauka, na chini yake palikuwa na duara mbili nyeupe kama nta.

Bwana Salimu alirudi, akatazama duara zile, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Alianza kumwosha mzee maji ya baridi.

Wiki moja baadaye duara moja ilikuwa shimo jeusi, lenye usaha. Mzee Lotha akalazwa. Tukaitwa ofisini kwa matroni, chumba chenye saa kubwa ya ukutani na kabati la vikombe vya chai. Mganga mkuu alikuwepo. Akauliza nani aliongeza umeme. Mzee Lotha, aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu, akajibu kabla ya mtu yeyote, "Mimi mwenyewe." Mganga mkuu akamwekea kalamu mezani, akamwambia aiokote. Mzee alijaribu kwa mikono yote miwili. Kalamu ikavingirika ikaanguka. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Na wewe binti, uliona nini?"

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa nimefumba macho. Nafanya zoezi."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Bwana Salimu aliutazama ukuta. Kisha akasema kwamba alimwacha mgonjwa asiyesikia ngozi yake kwenye mashine, peke yake, na kwamba mashine huenda aliiweka juu kuliko alivyodhani. Akaomba radhi. Mwisho wa mwezi wa nane alihamishiwa zahanati ya Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, mahali pasipo na chumba cha mazoezi wala umeme. Redio ikafungiwa kabatini na funguo akakaa nazo matroni.

Hakukuwa tena na mtu wa kunigongagonga na kuniwekea alama. Nilifanya mwenyewe nyumbani, shangazi akishika kalamu. Nilifumba macho na kutia mkono kwenye bakuli la maharage yake kabla hajayapika. Kitu kikaanza kurudi, lakini kilirudi vibaya. Nikigusa kidole cha kati, nasikia kwenye gumba. Nikigusa ncha ya shahada, nasikia katikati ya kiganja, mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Fahamu ilikuwa imeota na kuingia mabomba yasiyo yake, na kichwa changu kilikuwa kinaendelea kuamini anwani za zamani. Usiku nilikuwa nalala, mchana nilikuwa nakula. Si kweli kwamba dhamiri iliniua. Ilinichosha tu. Nilikuwa mchovu asubuhi kabla sijafanya kitu.

Mwezi wa tisa nikapanda kwa Mzee Lotha. Alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali akiwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Kano zilikuwa zimeliwa na kidonda. Mkono ule haukuweza tena hata kufungwa kwenye mkanda wa jembe. Nilimkuta ameketi kwenye kigogo nje ya jiko, mkwe wake akimenya ndizi, na hakushangaa kuniona. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Niliyasema yote kwa pamoja, vibaya. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mimi nilikuomba. Wewe ulizungusha. Tulifanya wawili, akaenda mmoja. Mimi angalau nilijaribu kusema." Hakusema kwa ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akanyanyuka. "Umekuja, basi njoo huku. Kuna kahawa majini tangu jana."

Nilikaa kwake mpaka msimu ukaisha. Asubuhi na jioni niliingiza mikono kwenye birika la saruji. Kwanza wa kushoto, nikasugua, nikasema. Halafu wa kulia, nikasugua kwa muda mrefu, nikijaribu kupata neno la kile ninachosikia. Mzee alisimama juu yangu. "Inateleza au inakwaruza?" Mwanzoni wa kulia uliniambia uongo, kila kitu ulisema ni maji tu. Alinikatalia nisiuache. Mkwe wake alininong'oneza kwamba mama marehemu naye alikuwa akisukumwa hivyohivyo, na kwamba nisione ajabu. Mchana tulikula ndizi na maziwa, mkwe akimlisha mzee kwa kijiko, na yeye akilalamika kuhusu chama cha ushirika, kuhusu tetesi za wanunuzi binafsi, kuhusu majirani wanaong'oa mibuni wapande nyanya. Siku moja katikati ya mwezi wa kumi na moja nilitia wa kulia kwanza, bila kuwaza, na nikasikia mkwaruzo. Haukuwa pale nilipogusa. Ulikuwa kidogo pembeni. Lakini ulikuwa mkwaruzo. Nikasema, "Tayari." Mzee akasema, "Kwa mkono upi?" Nikamwonyesha. Akavua kofia, akaivaa tena. "Basi mwaga maji," akasema.

Mwezi wa kumi na mbili nikaenda Oldonyo Sambu. Upande ule wa mlima ni mkavu, upepo una vumbi, na Meru unaonekana kama mlima mwingine kabisa. Bwana Salimu alikuwa anasafisha kidonda cha mchungaji wa ng'ombe. Alinionyesha kwa kidevu niketi. Alipomaliza nikamwambia, "Shikamoo. Ni mimi niliyezungusha."

"Marahaba. Najua."

"Ulijua lini?"

"Nilipoingia. Swichi ilikuwa sifuri. Mimi sikuiacha sifuri." Alinawa mikono taratibu. "Nilikungoja useme. Nilikungoja wiki nzima kabla ya kuitwa, na pale ofisini nilikungoja."

"Nirudi niseme sasa?"

"Sasa utanisaidia nini? Watasema nimekufundisha. Nilikuacha na mgonjwa, hilo ni kosa langu, halikuwa la kusingiziwa." Alikuwa amekonda. Nyuma yake, kwenye nyumba ya mtumishi, nilimwona mkewe akichota maji kwenye pipa, na watoto wawili wadogo wenye midomo iliyopasuka kwa upepo. "Lete mkono," akasema. Alizitoa zile nyuzi zake mfukoni mwa koti. Nikafumba macho. Niliusikia mnene, nikausikia wa kati, ule mwembamba sikuusikia. Aliandika kwenye kipande cha karatasi, akaniambia mganga wa zahanati anatafuta mhudumu, kama naweza kuvumilia vumbi.

Nilivumilia. Nilijifunza kazi kwake, na nilipopelekwa kusoma ni yeye aliyeniandikia barua. Maisha yangu yote yamekuwa kazi ile: kufumbisha watu macho na kuwauliza kama wanasikia. Siku hizi wengi ni wa kisukari, nyayo zimekufa ganzi, na nyuzi zinakuja kutoka kiwandani kwenye paketi. Mashine nazo ni ndogo kama simu. Nimestaafu kabla ya wakati, kwa hiari. Mzee Lotha alifariki miaka mingi iliyopita, na hakuwahi tena kulitaja lile jambo. Bwana Salimu nilimpigia kila sikukuu. Hatukulitaja pia. Nilijiambia kwamba aliniruhusu ninyamaze. Ukweli ni kwamba aliniambia haitamsaidia yeye, wengine sikuwauliza.

Pale Kaloleni nilingoja mpaka wageni wakapungua. Walibaki Mama Mwajuma, Mwajuma, na kaka yake Idi, aliyeingia kuchukua sufuria. Nikasema, "Ile mashine hakuisahau. Mimi ndiye niliyeongeza umeme. Nikasema uongo mbele ya mganga mkuu, naye akanifichia." Nilisema polepole ili nisilazimike kurudia.

Idi akaweka sufuria chini. "Sisi tulikaa Oldonyo Sambu miaka sita," akasema. "Mama alipoteza mimba kule kwa kukosa gari."

"Idi," dada yake akamwita.

"Namwambia tu. Alikuwa hajui."

Nilikuwa sijui. Miaka sita niliyoiita mafunzo yangu, miwili yake nikifanya kazi hatua arobaini kutoka mlango wa mwanamke yule, na nilikuwa sijui. Mama Mwajuma alifumbua macho. Alinitazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mume wangu alituambia ni yeye," akasema. "Mimi nilimlaumu. Mpaka mwaka huu, akiwa kitandani, nilikuwa bado namlaumu. Nikikasirika kwa chumvi, namtajia ile mashine. Ungekuja mwezi uliopita."

"Ndiyo, mama."

"Ungekuja hata wiki iliyopita. Alikuwa anasikia."

Idi akachukua sufuria akatoka. Mwajuma akanyanyuka kumfuata, kisha akarudi akaketi. Mama Mwajuma akafumba macho tena, akasema, "Usiondoke bado. Anza mwanzo. Nataka nisikie alivyosema pale ofisini, neno kwa neno."